Namba ya Balbina

Balbina alikuwa fundi, alijua kwamba ni fundi, na hakuona sababu ya kuificha habari hiyo. Katika kikundi cha wanawake wafumaji, kwenye banda lao la matofali kando ya barabara ya kwenda Kivukoni, kitambaa chake kilitambulika hata kikiwa kimekunjwa katikati ya vya wenzake. Kingo zake zilinyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Wageni waliofika kununua taulo na vitambaa vya meza walipekua lundo zima, halafu mkono ukaishia kwenye chake. Naye, akiwa kwenye kitanda chake cha kufumia, alijifanya hajaona, huku masikio kayatega.

Kasoro yake ilikuwa ulimi. Wenzake wote waliuonja, lakini aliyelishwa zaidi ni Ursula, mwanamke mrefu, mpole, aliyefumia kwenye kona ya banda karibu na dirisha. Kingo za Ursula zilikuwa zikiingia ndani, zikitoka nje, kila kitambaa na safari yake. Balbina akipita hapo husema, "Mama Beno, hiki nacho kimetoka kilabuni?" Banda zima linacheka, na Ursula naye anacheka kidogo huku ameinamisha kichwa. Miaka ikaenda hivyo. Mtu asidhani walikuwa maadui. Walisindikizana sokoni, walizikiana ndugu, na Ursula ndiye aliyemsimamia ubatizo Evod, mtoto wa kwanza wa Balbina. Ni utani tu, Balbina angekwambia, kama ungemuuliza.

Halafu presha ikamwangusha. Alikuwa uani anapepeta mchele wa kupikia mchana, ungo ukamponyoka, akainama kuuokota na hakuweza kuinuka. Hospitali walimrudishia maneno yake yote, jambo ambalo wenzake walilipokea kwa shukrani na kwa wasiwasi kidogo. Mguu ulirudi ukiburuta. Mkono wa kulia haukurudi. Ulikuwepo, unaonekana, una joto, ila ukiutuma hauendi. Mumewe Silvano, mvuvi wa zamani aliyezoea mafundo ya nyavu, ndiye aliyekuwa akimfunga kilemba asubuhi. Kilemba kilikaa upande, na Balbina alitoka nacho hivyohivyo hadi barabarani. Zamani jambo hilo lisingewezekana.

Sasa, kikundi kilikuwa na katiba, na katiba ilikuwa na kipengele kigumu: mwanachama asiyefuma msimu mzima hunyang'anywa kitanda, kipewe mwingine, kwa sababu wanawake waliokuwa wakisubiri nafasi walikuwa wengi. Aliyekipigania kipengele hicho mpaka kikapita ni Balbina mwenyewe. Hakutaka wanachama wa majina, alisema, wanaokuja siku ya mgao tu. Wakati huo alikuwa na mikono miwili. Sasa alilala akikiwaza kitanda chake, kile cha mninga alichochongewa na marehemu kaka yake Amedeus, kikaingizwa kwenye mali ya kikundi. Pale ndipo mahali pekee duniani alipokuwa mtu wa kutajwa. Kikienda, alijiona atabaki mama fulani mgonjwa anayekaa barazani na kuulizwa kama amekula.

Hakuna kikao kilichokaliwa. Alasiri moja Ursula alimaliza sehemu yake, akainuka kwenye kona yake, akaenda kukaa kwenye kitanda cha Balbina, akaanza kufuma. Kesho yake akarudia. Wengine walipopata nafasi nao walimwandalia nyuzi. Hakuna aliyeuliza, maana jambo lenyewe ni la kawaida kabisa katika bonde hili la mpunga. Mama akiugua wakati wa palizi, majirani wanaingia shambani kwake na majembe, wanapalilia, wanaondoka. Mpunga ukiiva unakuwa wa mwenye shamba. Utakuwa mwendawazimu ukisema ni wa waliopalilia. Kwa hiyo kitambaa kilichofumwa kwenye kitanda cha Balbina kilikuwa cha Balbina, na kipengele cha katiba kikakosa pa kushika.

Balbina alifika kila siku, akaketi kwenye kigoda pembeni ya Ursula, akawa anamzungushia uzi kwenye bobini kwa mkono wa kushoto. Kazi hiyo hupewa wanaojifunza. Aliona kwamba kingo zilikuwa zinatoka zimenyooka. Aliziona vizuri sana, akajieleza haraka kwamba ni kwa sababu yeye yupo hapo anasimamia. Maelezo hayo yalimtosha.

Msimu huohuo ndipo mnunuzi wa ng'ambo alipokuja na mambo ya lebo. Nchi za huko, walielezwa kwenye semina, zimetunga sheria: nguo ikiingia sokoni lazima ijulikane imetoka wapi. Shamba lilipolimwa pamba huko Usukumani, mahali ilipochambuliwa mbegu, kiwanda kilichosokota uzi, rangi iliyotiwa, na mwisho mtu aliyefuma. Pamba ikawa na wasifu mrefu kuliko wa bwana harusi. Kila mfumaji alipigwa picha ya kubaki kwenye faili la mnunuzi na kupewa namba, na namba ikachapwa kwenye lebo ndogo ya kushonwa pembeni mwa kitambaa. Balbina alipata saba. Alijipenda sana kwenye ile picha, mkono wa kulia ukiwa umefichwa chini ya kanga.

Mwalimu wa semina alisema namba ni mfumaji. Wanawake wakaitikia, wakaelewa kwa akili ya shambani: namba ni mwenye kitanda. Ndiyo maana vitambaa alivyofuma Ursula pale kwa Balbina vilishonwa lebo ya saba bila mtu yeyote kusitasita. Hakuna aliyedanganya. Ukimuuliza yeyote kati yao angeapa, na angeapa kweli.

Mkaguzi wa mnunuzi huyo alipokuja, alikuwa binti wa kutoka Dar es Salaam aitwaye Dativa, suruali ya kitambaa, viatu vya kufungwa vyenye tope la Ifakara tayari. Aliwaamkia kama alivyolelewa.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana, pole na safari."

Domitila, mwenyekiti wa kikundi, alimpa kiti chenye mgongo. Dativa hakukikalia. Alizunguka banda, akaangalia milango inafunguka upande gani, akauliza choo kiko wapi, akauliza kama kuna watoto wanaosaidia kazi. Kisha akaenda kwenye shehena iliyokuwa tayari kusafirishwa, akavuta kitambaa kimoja cha meza kutoka katikati ya mzigo. Akaielekeza simu kwenye lebo, simu ikalia, akasoma.

"Uzi umetoka kiwanda hiki, sawa. Rangi, sawa. Mfumaji, namba saba." Akainua macho. "Naomba nimwone namba saba akifuma kidogo. Ni utaratibu tu, naangalia kama mkono unalingana na kitambaa."

Vitanda vyote vilivyokuwa vikigonga viliacha kugonga. Balbina alikuwa kwenye kigoda chake, bobini mapajani. Akili yake ilikwenda moja kwa moja kwenye kipengele cha katiba.

Domitila ndiye aliyewahi. "Namba saba leo ana udhuru, mwanangu. Ameitwa kwenye msiba."

"Poleni. Basi kesho asubuhi kabla sijaondoka nitapita kumwona." Dativa hakuonyesha shaka yoyote. Lakini alikuwa bado amekishika kile kitambaa, akakikunjua kwa urefu, akakiinua kuelekea mwanga wa mlangoni. "Mnajua, nimezunguka vikundi vingi, mpaka kanda ya ziwa. Sijaona ukingo kama huu kwenye kitanda cha mkono. Huyu mama mkinikubalia nitamwombea awe anafundisha wenzake kwenye vikundi vingine."

Sifa ikaelea hapo katikati ya banda, na wanawake wote, bila kupanga, wakamtazama Balbina. Wote isipokuwa mmoja. Ursula alikuwa kwenye kona yake ameinamia nyuzi zake, na Balbina alimwona akitabasamu peke yake, tabasamu dogo la mtu anayejilia kitu kitamu gizani. Kisha Ursula akalimeza, akaendelea na kazi.

Balbina aliijua ladha ile. Alikuwa ameishi nayo miaka na miaka. Alijua inavyopanda kifuani mtu anapokiinua kitambaa chako kwenye mwanga, na alijua kwamba leo si yake. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu atamani kufunikwa. Angeweza kunyamaza. Mpaka kesho wangebuni kitu. Wangesema anaumwa, amesafiri, ameitwa Uchindile kwa dada yake. Kitanda kingebaki chake.

"Mwanangu," alisema. "Namba saba ni mimi."

"Mama Evod," Domitila alinong'ona.

"Niache, mwenyekiti. Namba saba ni mimi, na sina msiba, labda huu mkono. Umekufa tangu masika yale nilipoanguka. Hicho kitambaa sikukifuma. Amekifuma Ursula, yule pale dirishani. Hizo sifa mpelekee yeye."

Dativa aliweka kitambaa chini taratibu. Alionekana kusikitika kuliko kukasirika, na hilo liliwatisha zaidi. Domitila akaanza kueleza, maneno yakigongana: palizi, majirani, mpunga wa mwenye shamba, kwamba hapa hakuna mtu aliyetaka kumwibia mtu. Dativa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, nimeelewa. Mama yangu mzazi amelimiwa hivyohivyo. Lakini huyo anayenunua huko hamjui mwenye shamba wala hamuulizi. Anauliza mkono. Namba ikisema mtu mmoja na mkono ni wa mwingine, atajuaje kama huo mwingine si mtoto amefungiwa mahali, au mtu anayefanyishwa kazi kwa nguvu? Ndiyo hofu yao. Na yametokea mahali."

Hapo wanawake wakaelewa, na Balbina akaelewa kuliko wote. Hakuwahi kufikiri kwamba wema wao, ukitazamwa kutoka mbali, unafanana na uovu wa watu wengine.

"Sasa, mama Ursula, una namba yako mwenyewe?" Dativa aliuliza.

"Nne," Ursula alijibu kwa sauti ndogo.

Mkaguzi akarudi kwenye mzigo, akatafuta, akavuta kitambaa cha namba nne. Akakilaza kando ya kile cha saba. Kimoja kilinyooka. Kingine kiliingia na kutoka, kwa namna ileile Balbina aliyoifanyia mzaha miaka yote. Dativa alitazama huku, akatazama kule, na safari hii uso wake ulikaza.

"Mama zangu, hapa mnanipa shida. Mnaniambia mkono ni mmoja. Hivi si vya mkono mmoja. Nani mwingine anafuma hapa ambaye sijaonyeshwa?"

Ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Walikuwa wamesema ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa na sura ya uongo. Domitila alikaa kwenye kile kiti chenye mgongo alichomwandalia mgeni. Balbina, fundi, alivitazama vitambaa vile viwili kwa zamu. Kama si usimamizi wake, basi ni nini?

Ursula akainuka. Alifuta mikono kwenye kanga, akaenda kwenye kitanda cha Balbina, akaketi, akafuma. Hakuwa na haraka. Alipitisha uzi, akaubana, akapitisha, akabana, mpaka kipande kikatosha kuonekana. Kingo zilinyooka. Kisha akamwongoza mkaguzi kwenye kona yake, akaketi kwenye kitanda chake mwenyewe, akafuma vilevile, mikono ileile, mwendo uleule. Kila alipobana uzi, fremu iliegemea upande wa dirisha, ikalia, ikarudi. Ukingo ukaanza kuingia ndani mbele ya macho yao.

"Ni kitanda, mwanangu," alisema. "Miguu ya huku iliingia maji wakati wa mafuriko, ikapinda. Nabana huku, kinavuta kule. Nimejitahidi kukifuata. Hakifuatiki."

Dativa alipiga magoti, akaishika miguu ya kitanda, akaitikisa. Akapiga picha. Akamwomba Ursula afume tena kidogo, kule na huku, akapiga picha nyingine, na uso wake ukalegea. Alikuwa ameridhika kwamba mkono ni mmoja.

Hakuwaachia hivihivi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Vitambaa vyote vya namba saba vilivyofumwa baada ya Balbina kuugua vitolewe kwenye mzigo, viuzwe hapahapa nyumbani bila lebo. Mzigo uliobaki uende. Kasoro ameiandika, na atarudi kuangalia kama imerekebishwa. Na namba saba inafungwa, maana namba ya mtu hairithiwi. Hilo la mwisho alilisema akimtazama Balbina, akaongeza, "Samahani, mama." Balbina akamwitikia kwa kichwa. Aliumia, tena sana, lakini alipowaona wanawake wakivitoa vile vitambaa kimoja kimoja kwenye mzigo, kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kufumwa banda lile, zikienda kuuzwa bila jina la mtu, aligundua kwamba kuna mwenye haki ya kuumia zaidi.

Mkaguzi alipoondoka, Domitila alifungua katiba kwa sababu hapakuwa tena na namna ya kuikwepa. Alianza kukisoma kile kipengele, akaishia katikati.

"Soma, mwenyekiti," Balbina alisema. "Kimeandikwa kwa mdomo wangu, kwa nini kisinipate?"

Kikasomwa. Kitanda kikatoka mikononi mwake. Wakakubaliana abaki kikundini kama mzungusha uzi, na kwenye orodha ya mkaguzi aandikwe hivyo, kazi yake halisi kwa jina lake halisi. Ilibaki kuamua nani akae kwenye kile kitanda cha mninga. Wanaosubiri walikuwa wengi, na kila mtu aliogopa kutaja jina.

Balbina aliinuka, akiuburuta mguu, akaenda mpaka kwenye kona ya dirisha. Alikuwa amepita hapo mara zisizohesabika, akirusha mzaha na kuendelea na safari yake. Leo alisimama. Akaisukuma fremu kwa mkono wa kushoto, ikaegemea, ikalia.

"Mama Beno, miaka yote hii, kwa nini hukusema kwamba kitanda ni kibovu?"

"Nilisema, dada. Mwaka uleule wa mafuriko, hapahapa, kwenye kikao. Ukaniambia fundi mbovu hakosi cha kusingizia. Mkacheka wote."

Balbina alijaribu kukumbuka. Alijaribu kweli, akamtazama Domitila, na Domitila akaangalia pembeni. Yeye hakukumbuka chochote. Neno alilolisema kwa kupita na kulisahau kabla hajafika nyumbani, mwenzake alikuwa amefuma juu yake miaka yote. Hilo lilimuuma kuliko namba, kuliko kitanda, kuliko hata mkono.

"Hamia kwangu," alisema. "Lebo itakuwa yako, namba nne. Hiki tukipasue kuni."

"Wanaosubiri watasema nimewanyang'anya nafasi."

"Anayesubiri atatengenezewa kipya. Na atakayesema aje aniambie mimi. Ulimi bado ninao."

Wengine walicheka huku wakishusha pumzi. Ursula hakucheka. Alikusanya vitu vyake, bobini zake, kipande cha mto alichokuwa akikalia, akavihamishia kwenye kitanda cha mninga. Balbina alimfuata na kigoda chake, akaketi pembeni yake, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo banda halikuizoea, "Nisamehe, mwenzangu."

"Nimekusamehe," Ursula alisema. Alikuwa ananyoosha nyuzi, hakumtazama. "Ila usinitanie tena habari za kingo, dada. Nilikuwa sipendi."

"Sitakutania tena," Balbina alisema, akaokota bobini tupu, akaanza kuizungushia uzi.